Weka Njia ya Pili Kabla ya Ile ya Kwanza Kukatika

Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, kuanzia kama saa kumi na mbili na nusu jioni, WhatsApp ilinyamaza dunia nzima. Facebook na Instagram zilinyamaza pamoja nayo, kwa kuwa zote tatu ni mali ya kampuni moja na zilitegemea mitambo ile ile. Mafundi wa kampuni walikuwa kwenye matengenezo ya kawaida, amri moja ikaenda kombo, na mtandao wao wote ukapotea kwenye intaneti. Huduma ilianza kurejea karibu saa saba usiku. Kwa mtu wa Mahoo, huku Taveta, hizo ndizo saa za kuongea. Watu wametoka shambani, chungu kiko motoni, na mtoto aliye Nairobi au Doha ndipo anapopata nafasi ya kupiga. Mtu asiyejua kilichotokea huzima simu akawasha, hutoa laini akairudisha, na mwishowe hununua bando jingine akidhani la kwanza limekwisha.

Ile ilikuwa hitilafu, na ikapona. Kuna zilizofungwa zisifunguliwe tena. Google iliifunga Hangouts Novemba 2022. Microsoft iliizima Skype tarehe 5 Mei 2025, baada ya zaidi ya miaka 20 ambamo familia nyingi za ughaibuni zilijifunza kuonana usoni kwa kuitumia. Januari 2025 WhatsApp iliacha kuhudumia simu za Android 4.4, na mapema mwaka huo huo ikaacha pia simu za KaiOS, zile ndogo za vitufe zenye intaneti ambazo wazee wengi walizipenda kwa sababu hazina mambo mengi. Hakuna aliyewauliza wazee hao kama wako tayari.

Ushauri wangu kwa familia, chama, kamati ya mfereji na kwaya ni huu: wekeni njia ya pili ya kuongea, na iwe programu huria. Iwekeni sasa, mkiwa hamna haraka nayo, na muijaribu mpaka shangazi aweze kuifungua bila kumwita mjukuu. WhatsApp ibaki. Mnunuzi wa ndizi wa soko la Kongowea, Mombasa, yuko huko, mwalimu wa darasa yuko huko, na kumtaka kila mtu ahame ni kujichosha bure.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, kiasi kwamba yeyote mwenye ujuzi anaweza kuusoma, kuukagua, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Richard Stallman alilianzisha vuguvugu hili Marekani mwaka 1983 kwa mradi wa GNU. Kwetu Afrika Mashariki matunda yake yalionekana mapema: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya kuandikia na kupigia hesabu kwa Kiswahili, bila kusubiri kampuni yoyote iamue kama Waswahili ni soko la maana. Mkulima wa Mahoo asiyejua mstari mmoja wa msimbo anafaidika vivyo hivyo. Kampuni ikichoka au ikibadili masharti, watu wengine wanaweza kuichukua kazi na kuiendeleza. Na kama ndani ya programu kuna kitu kinachonyonya orodha ya namba zako, kuna macho mengi ya kukigundua.

Tuwe wa haki kwa WhatsApp. Tangu Aprili 2016 maneno yanayopita humo yanafungwa kwenye simu yako na kufunguliwa kwenye simu ya unayeongea naye tu, na ufunguo wenyewe umetengenezwa kwa utaratibu ule ule wa Signal, programu huria ya ujumbe nitakayoirudia. Anayekuambia kwamba Meta, kampuni inayoimiliki, inasoma kila neno lako anakutisha bure. Tatizo liko kwingine. Kampuni inajua unaongea na nani, saa ngapi, mara ngapi na uko katika makundi gani, na msimbo wake umefungwa, kwa hiyo tunachukua ahadi zake kama zilivyo. Mwaka 2025 ilitangaza kuleta matangazo ya biashara katika ukurasa wa hali. Mwenye nyumba ndiye anayepanga viti.

Wengine watauliza kuhusu Telegram. Programu ya simuni ina msimbo wazi, lakini seva zake zimefungwa, mazungumzo ya kawaida hayafungwi kutoka simu hadi simu, na ya makundi hayafungwi kabisa. Zaidi ya hapo, Wakenya waliiona ikikwama Novemba 2023 na tena Novemba 2024 wakati wa mtihani wa KCSE. Kama njia yako ya pili inaweza kuzimwa kwa sababu watahiniwa wa kidato cha nne wako darasani, tafuta nyingine.

Kabla ya kupakua chochote, kaa chini na karatasi uandike watu ambao ukikosa kuwapata kwa siku tatu hutalala. Kwa nyumba nyingi za huku Taveta orodha hiyo ina mafungu matatu: walio Ghuba, walio ng'ambo ya mpaka, na wale mnaoshughulika nao pamoja kwa pesa au maji. Kila fungu lina shida yake, na programu moja haiwatoshi wote.

Fungu la Ghuba ndilo gumu, na ndilo ambalo ushauri wa kubahatisha unaweza kumletea mtu balaa. Falme za Kiarabu (Emirates) huzuia simu za sauti na za video kupitia WhatsApp, Signal na nyinginezo nyingi. Zinazoruhusiwa ni programu zenye leseni huko, BOTIM ikiwa maarufu kuliko zote. Binti aliye Dubai akikwambia simu haishiki, mara nyingi si mtandao mbaya, ni kizuizi. Hapo kuna mtu atakayemshauri aweke VPN, programu ya kupenya vizuizi. Mwambie asubiri. Sheria ya makosa ya mtandao ya Emirates inataja faini ya kuanzia dirhamu 500,000 kwa anayetumia VPN kutenda au kuficha kosa, na msichana wa kazi za nyumbani hana pa kuzitoa. Maandishi na ujumbe wa sauti ni jambo jingine: kwa kawaida hupita pale ambapo simu hazipiti. Kwa hiyo mpango wa busara ni kutumiana ujumbe wa sauti kila siku, na simu ya moja kwa moja mkaiweka kwenye programu inayoruhusiwa alipo, hata kama si huria. Usalama wake ni wa kwanza, uhuru wa msimbo unafuata.

Signal imewahi kuzuiwa Emirates na Oman, na watengenezaji wake wakabuni njia za kupenya kuanzia Desemba 2016. Kwa hiyo usimwahidi mtu kwamba itafanya kazi kila siku huko. Ajaribu yeye mwenyewe akifika, na kabla hajaondoka mwekeane njia zaidi ya moja.

Na jambo hili nalisisitiza. Signal ina uwezo wa kufuta ujumbe wenyewe baada ya muda mliouchagua, na wengi huuwasha kwa kudhani ndio usalama. Katika mazungumzo na mtu aliyeenda kufanya kazi Saudia, Qatar au Oman, usiuwashe. Picha ya pasipoti, nakala ya mkataba, jina la wakala aliyempeleka, anwani ya mwajiri, ujumbe wa siku aliposema hajalipwa: hivyo ndivyo vitu ambavyo ubalozi na mamlaka wataviulizia mambo yakiharibika. Viwekwe vyote mahali pamoja siku ya kwanza, na nakala ya karatasi ikae kabatini nyumbani, kwa maana simu huibiwa na huanguka ndani ya mfereji. Anachohitaji yeye ni kufuli ya programu yenyewe, ili mtu akiichukua simu yake mezani asiweze kusoma. Signal inayo, ndani ya mipangilio ya faragha.

Sasa Signal yenyewe, maana kwa familia nyingi ndiyo ningeanza nayo. Ni ya taasisi isiyotafuta faida iliyoundwa Februari 2018 na Moxie Marlinspike pamoja na Brian Acton, yule yule aliyeanzisha WhatsApp na Jan Koum mwaka 2009. Acton aliondoka Facebook mwaka 2017 na akatoa dola milioni 50 kuianzisha taasisi hiyo. Mahakama ya Marekani ilipodai taarifa za mtumiaji mwaka 2016, Signal iliweza kutoa vitu viwili tu, siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa mara ya mwisho, kwa sababu haikuwa na kingine. Sura yake inafanana sana na WhatsApp, hivyo mtu mzima haanzi upya. Kuna ujumbe wa sauti, picha, makundi, na simu ya video ya watu wengi kwa pamoja.

Unapomwekea mtu Signal, kaa naye mpaka mwisho. Wengi huishia pale namba inapokubaliwa, wakaacha sehemu iliyo muhimu kuliko zote. Kwanza chagua laini. Hapa mpakani mtu ana laini ya Safaricom na nyingine ya Tanzania, na pengine ya tatu aliyoipata Holili, ng'ambo ya mpaka, kwa sababu ya bei ya siku hiyo. Sajili kwa ile ambayo hutaitupa kamwe. Laini ikikaa kimya muda mrefu kampuni huirudisha sokoni, akapewa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine anaweza kujisajili kwa namba iliyokuwa yako. Pili, weka PIN, kisha ingia kwenye mipangilio ya akaunti uwashe kufuli ya usajili. Kufuli hiyo ikiwashwa, hata anayeishika laini yako hawezi kuichukua akaunti kwa ujumbe wa SMS peke yake, anahitaji na PIN. Iandike PIN kwenye daftari la nyumbani, maana ukiisahau hakuna ofisi ya kwenda kulia. Tatu, mfundishe jambo moja tu la kukariri: tarakimu 6 zinazokuja kwa SMS hazisomewi mtu yeyote, awe ni sauti ya mpwa wake, awe anasema anapiga kutoka kampuni ya simu.

Wachuuzi wa soko la Taveta wana sababu ya ziada. Tangu Februari 2024 Signal inakuruhusu kujitengenezea jina la mtumiaji na kuificha namba yako. Mama anayeuza nyanya anaweza kuongea na mnunuzi mgeni wa Jumatano bila kumwachia namba ambayo ndiyo pia ya M-Pesa yake.

Kasoro zipo. Mazungumzo ya Signal yamekaa ndani ya simu, na simu ikizama bila nakala ya akiba, yamekwenda. Kwenye Android kuna njia ya kuhifadhi nakala hiyo ikiwa na neno refu la siri, na neno hilo nalo lina nafasi kwenye lile daftari. Kasoro ya pili ni ya mfukoni. Kampuni za simu zimekuwa zikiuza bando la WhatsApp kwa bei ndogo sana, na bando hilo halifungui Signal wala kingine chochote. Anayeishi kwa bando la shilingi chache kwa siku hawezi kulaumiwa kwa kubaki alipo. Kwa huyo, njia ya pili lazima iwe nyepesi, na hapo naileta Delta Chat.

Delta Chat haijulikani sana huku kwetu, nami naona ni hasara. Inaonekana kama programu yoyote ya ujumbe, lakini chini yake inasafiri kama barua pepe. Haidai namba ya simu. Unaifungua, unaandika jina, unamwonyesha mwenzako mraba wa QR auskani, na mmeshaunganishwa. Mtoto anayetumia tableti ya mzazi, mwenye laini mbili zinazopishana mpakani, mzee ambaye simu yake haina laini bali hupata Wi-Fi ya kanisa, wote wanaingia. Ujumbe wa maandishi unakula data kidogo mno, na mtandao ukipotea unasubiri hadi urudi. Msiitegemee kwa simu za video. Kwa maandishi, picha na sauti iliyorekodiwa, ni njia ya pili nzuri kuliko sifa iliyonayo.

Ng'ambo ya mpaka kuna shida ya aina nyingine. Ndugu zetu wako Himo, Moshi, Rombo. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu Tanzania, intaneti ilikatwa nchi nzima na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Uganda ilifanya vivyo hivyo kwenye uchaguzi wa Januari 2021. Intaneti ikikatwa kabisa, hakuna programu ya ujumbe wa mbali itakayokuokoa, iwe huria au isiwe. Kuna Briar, ambayo hupitisha ujumbe kwa Bluetooth na Wi-Fi kati ya simu za Android zilizo karibu, na ni kazi nzuri ya watu makini, lakini umbali wake ni wa ua na ua, haiwezi kukupeleka Moshi. Kwa siku hizo kuna simu ya kawaida na SMS. Kwa hiyo andikeni namba za ndugu kwenye karatasi. Vijana wengi leo hawajui kwa kichwa namba ya mama yao, na simu ikiisha chaji barabarani, Mwatate au Maktau, hawana pa kuanzia.

Fungu la tatu ni la vikao, na hapo Jitsi Meet ndiyo ninayoipendekeza. Ilianzishwa mwaka 2003 na Emil Ivov, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Strasbourg nchini Ufaransa, na sasa inatunzwa na kampuni ya 8x8. Huduma za bure za Zoom hukata kikao cha watu kadhaa kikifika dakika 40, na kamati ya mazishi haijawahi kumaliza bajeti ya jeneza na usafiri kwa dakika 40. Google Meet nayo huwapa watu wa bure dakika 60. Jitsi haina saa ya kuwafukuza hivyo.

Tuseme kamati ya mfereji ina wanachama wanane: watano wako Mahoo, mmoja Voi, mmoja Mombasa, na mweka hazina yuko Nairobi kwa matibabu. Katibu anafungua meet.jit.si kwenye kivinjari au programu ya Jitsi simuni. Tangu Agosti 2023 anayefungua chumba anatakiwa kuingia kwa akaunti ya Google, Facebook au GitHub, na wengine wote wanaingia bila akaunti. Chumba kinahitaji jina, na hapo wengi hukosea kwa kuandika MferejiMahoo. Mtu yeyote akibuni jina hilo ataingia na kusikiliza mnavyogawana zamu za maji. Ongeza maneno mawili yasiyohusiana na tarakimu chache, kisha katika sehemu ya usalama weka neno la siri au washa chumba cha kungojea, ili kila anayebisha katibu amwone jina kabla ya kumfungulia. Kiungo kitumwe kwa Signal, kwa WhatsApp na kwa SMS. Anayekipata kokote aingie.

Halafu zima kamera. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ndilo linaloamua kama kikao kitafika mwisho. Seva ya Jitsi haichanganyi picha za watu kuwa moja, bali inachukua picha ya kila mmoja na kuirusha kwa wengine wote. Mkiwa wanane na kamera zote zimewashwa, simu yako inapokea mikondo saba. Tukikadiria kila mkondo kilobiti 200 kwa sekunde, ambayo ni picha ndogo tu, saa moja inakula megabaiti 630 za kupokea peke yake. Sauti ni hadithi nyingine. Jitsi na Signal zote zinatumia Opus, mtindo huria wa kubana sauti ulioidhinishwa mwaka 2012, na kwa kilobiti 32 kwa sekunde saa nzima ya sauti ya mtu mmoja ni kama megabaiti 14 na nusu. Onaneni nyuso dakika mbili za salamu, mtu amwone mgonjwa wa Nairobi ametoka wodini salama, kisha kamera zizimwe. Kila mtu afunge maikrofoni isipokuwa anayesema, la sivyo jogoo wa mmoja atawatawala wote. Kipo kitufe cha kuinua mkono, na mwenyekiti akitumie kwa ukali.

Wanachama wenye kabambe, zile simu ndogo za kawaida, wasisahauliwe. Katibu aandike maazimio kwa mistari minne na kuwatumia kwa SMS usiku ule ule. Nimeona makundi yakivunjika si kwa pesa bali kwa sababu wenye simu kubwa waliamua, wenye simu ndogo wakasikia sokoni.

Jambo moja la kujua kuhusu Jitsi: kwa kawaida mazungumzo ya kundi yanafungwa hadi kwenye seva, yakafunguliwa hapo, yakafungwa tena kwenda kwa wengine. Mwenye seva, akitaka, anaweza kusikia. Kuna kitufe cha kuyafunga kutoka mwisho hadi mwisho, lakini hakifanyi kazi kwenye kila kivinjari. Kwa zamu za maji hilo halina uzito. Kwa kesi ya ardhi au siri ya ugonjwa wa mtu, tumieni simu ya kundi ya Signal.

Ndiyo maana ni muhimu kujua seva inakaa kwa nani, na huu ndio uzuri ambao programu zilizofungwa haziwezi kuutoa. Jitsi ni yako kuchukua na kuiweka kwenye kompyuta yako. Mashirika kama Framasoft ya Ufaransa na Disroot ya Uholanzi yamekuwa yakiendesha seva zao kwa manufaa ya umma. Hapa Kenya, KENET, mtandao unaounganisha vyuo vikuu na taasisi za utafiti, uliendesha madarasa kwa BigBlueButton vyuo vilipofungwa mwaka 2020. BigBlueButton nayo ni huria, ilianzia Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, mwaka 2007, na imetengenezwa kwa ajili ya kufundisha: kuna ubao wa kuandikia, kurasa za somo, na vyumba vya kugawana wanafunzi. Mwalimu wa sekondari anayetaka kufundisha wakati wa likizo aitazame kabla ya nyingine yoyote. Na Chuo Kikuu cha Taita Taveta, chenye vijana wanaosomea kompyuta, kingeweza kuiwekea kaunti seva ya Jitsi, kamati za maji, vyama vya ushirika na vikundi vya akina mama vikakutana humo kwa anwani ya nyumbani. Gharama ni kompyuta moja ya wastani, intaneti ya uhakika na kijana mmoja wa kuitunza. Ni ombi ninaloliweka hadharani.

Ofisi, hospitali na mashirika yanayotaka makubwa zaidi yaiangalie Element, inayotumia Matrix, mfumo ulioanza mwaka 2014 ambamo kila taasisi huwa na seva yake na zote zikaongea, kama barua pepe inavyotoka ofisi hii kwenda ile. Serikali ya Ufaransa iliujenga mfumo wake wa Tchap juu ya Matrix mwaka 2019. Kwa familia siipendekezi. Ina funguo za kuhifadhi na maswali mengi, na bibi ataichoka siku ya kwanza.

Kuhusu makundi ya shule, yawe kwenye programu gani, sheria ni ile ile. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Msimamizi wa kundi anayerusha picha za watoto wakiogelea au matokeo yao yenye majina ajue kwamba Signal haitamkinga.

Namna ya kuwahamisha watu ni ya taratibu. Usimwambie shangazi ahame. Mwambie, "Shangazi, nakuwekea hii ya kuongea na mjukuu wako tu," na utumie siku hiyo hiyo ujumbe wa sauti wa mjukuu mwenyewe kupitia hiyo programu mpya, ili cha kwanza anachokikuta humo kiwe sauti anayoipenda. Ndani ya mipangilio zima upakuaji wa picha na video wenyewe, na uwashe chaguo la kutumia data kidogo wakati wa simu. Signal inalo, na WhatsApp pia. Anzeni na kundi moja dogo, la ndugu wa tumbo moja au kamati, si ukoo mzima. Mwenye simu yenye nafasi ndogo mfutie kwanza video za zamani za WhatsApp, maana mara nyingi ndizo zilizoijaza. Na programu hizi zichukuliwe Play Store, au F-Droid, duka la programu huria lililoanza mwaka 2010, kwa zile zilizopo humo kama Jitsi na Delta Chat. Usipokee faili la programu lililotumwa na mtu kwenye kundi, hata kama ni mtu mnayesali naye.

Huduma hizi hazidai ada wala hazina matangazo, lakini seva na wahandisi wanalipwa, na sehemu ya pesa hizo inatoka kwa wachangiaji. Chama kinachookoa gharama ya nauli za kikao kingeweza kutenga kitu kidogo mara moja kwa mwaka. Asiye na pesa ana Kiswahili: tafsiri za programu hizi hufanywa na watu wa kujitolea, na Kiswahili kilichomo wakati mwingine kinahitaji mtu anayekisema kila siku akinyooshe. Wanafunzi wetu wa Taveta wanaweza kazi hiyo.

Mkishaweka, chagueni siku moja kila mwezi ambayo tangazo la kikao au la mchango litatumwa kwa njia ya pili tu, bila WhatsApp. Hesabuni waliojibu hadi usiku. Wasiojibu wafuatwe nyumbani kesho yake, simu zao ziangaliwe moja moja: huyu amesahau PIN, huyu ameifuta programu kwa kukosa nafasi, huyu alibadili laini akiwa Holili.